Mama Gundi na Viini Vizima

Jina la Mama Gundi alipewa na kaka yake mkubwa, seremala, siku alipokwenda karakana kumweleza amechagua kusomea nini chuoni. Alimkuta kapiga magoti, anabana miguu ya kiti kwa kamba ili gundi ishike. Akamweleza akiwa amesimama mlangoni, akikwepa vumbi la mbao.

"Ndani ya kila kitu, kaka, ndani kabisa kwenye kiini cha atomu, kuna chembe zinaitwa kwaki. Zenyewe kwa zenyewe zisingekaa pamoja. Kinachozishika ni chembe nyingine, gluoni. Zimeitwa hivyo kwa sababu ya kunata."

Kaka akafuta vidole kwenye suruali. "Yaani wazee wamekusomesha miaka yote hii ukajifunze habari za gundi. Si ungeniuliza mimi?"

Akacheka peke yake hadi akakohoa. Kuanzia hapo akawa anamwita Gundi, na msichana alipoolewa na kujaliwa mtoto, akapandishwa cheo kuwa Mama Gundi. Jina likatoka nyumbani likaingia mtaani, likapanda ngazi za chuo alikokuja kufundisha. Wanafunzi walilitumia akiwa ameshageuza kisogo. Mlinzi wa lango alilitumia usoni pake, na yeye akaitika.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mwendo, miwani yake imefungwa uzi shingoni kwa sababu alikuwa hodari wa kuisahau popote alipoivua. Darasani hakukaa kitini; alifundisha akitembea. Alisoma nje, akafanya kazi kidogo hukohuko kwenye mashine ya zamani ya kugonganisha chembe, halafu mama yake, fundi cherehani, akapata ugonjwa wa mgongo uliomlaza miezi. Mtoto wa kike akarudi nyumbani kumuuguza. Wenzake wa nje walimwandikia wakisema amejizika mwenyewe. Wodini alikolazwa mama ndiko alikokutana na muuguzi mmoja mrefu, mpole, aliyejua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, wakaoana. Mama mtu hakuacha kutaja kwamba mgongo wake ndio uliozaa ndoa ile.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufundisha tu. Halafu ikajengwa, katika nchi ya mbali, mashine mpya: pete mbili ndefu zilizofukiwa chini ya ardhi, moja ikizungusha elektroni, nyingine ikizungusha viini vya atomu nzito kama dhahabu, kila upande ukikaribia mwendo wa mwanga, hadi zinapokutanishwa uso kwa uso. Watafiti wa nchi nyingi waliunda jumuiya ya kuitumia. Mama Gundi akaomba kuingia, akapokelewa, na data za migongano zikaanza kumfikia kwa waya wa mtandao hadi kwenye chumba chake cha ghorofa ya juu, chenye meza tatu, dirisha linalotazama matangi ya maji, na feni iliyojua mambo mawili tu: kwenda kasi na kuzimika.

Ukimuuliza kwa nini elektroni, alikuwa na namna yake ya kueleza. Gluoni, alisema, ni kama umbea. Umbea mmoja huzaa mwingine, na ule huzaa wake, hata nyumba ikajaa. Ukitaka kujua kinachosemwa ndani ya nyumba kama hiyo, usimtume mtu wa nyumba jirani aliyezama kwenye umbea huohuo, maana ataongeza wake na hutajua kipi ni cha nani. Mtume mgeni asiye na upande. Elektroni hainaswi na ile nguvu ya kunata. Inaingia kwenye kiini, inatupa jicho, inatoka. Nawe unaisoma usoni ilichokiona.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimalizia kila mara, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaandika methali hiyo kwenye madaftari kama kanuni ya fizikia.

Swali lake yeye lilikuwa hili: ndani ya kiini kikubwa, ambamo protoni na nyutroni zimebanana, gluoni zinakaa wapi? Zimesambaa sawasawa hadi ukingoni, au zimesongamana katikati, nyingi kiasi cha kuanza kumezana? Ili kujua, ilibidi atafute migongano ya aina moja, adimu: ile ambayo elektroni inakigusa kiini, chembe mpya inazaliwa na kuruka zake, na kiini chenyewe kinabaki kizima, hakikupasuka. Ukikusanya ya kutosha na kupima jinsi viini hivyo vizima vilivyosukumwa, grafu inashuka kwa vilima na mabonde, na umbo la vilima hivyo linakuonyesha gluoni zimekaaje. Kazi yote iko kwenye neno "kizima". Kiini kikipasuka kidogo tu, kikadondosha nyutroni moja au hata mwanga hafifu usioonekana kwa macho, tayari si kizima, na hesabu yake inachafua zile safi.

Kazi hiyo ilimchukua miaka. Na siku moja grafu ikakataa kushuka. Mwisho wake ulibaki juu kuliko nadharia nyingi zilivyotaka, jambo ambalo, kwa lugha ya grafu zile, lilimaanisha gluoni zimebanana katikati ya kiini kuliko yeyote alivyodhani.

Alikaa akiitazama hadi chai ikapoa. Akarudia hesabu, ikatoka vilevile. Akaionyesha jumuiya, wakasisimka. Mratibu wa kundi lao, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye walimjua kwa kumwona kwenye skrini tu, akamtengea nafasi ya kuiwasilisha kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Mkuu wa kitivo, mtu aliyependa chuo chake kisifiwe, hakungoja mkutano. Aliagiza bango, likatundikwa juu ya lango: picha ya Mama Gundi akiwa na miwani puani, na chini yake maandishi makubwa, TUMEUONA MOYO WA KIINI.

Mama yake alipelekwa kuliona kwa gari la kukodi. Alishuka na fimbo yake, akasimama chini ya bango, akamwambia mlinzi, "Huyu nimemzaa mimi." Mlinzi akampa kiti. Alikaa pale akiwaambia wanaoingia na wanaotoka, hata muuguzi alipokuja kumchukua.

Katika chumba kile kinachotazama matangi, Mama Gundi alikuwa na msaidizi, mwanamke wa miaka thelathini na ushei aliyewahi kufundisha hisabati shule ya sekondari kabla ya kurudi kusoma. Wote walimwita Taratibu. Hakuwa mvivu, ila haraka kwake ilikuwa sawa na tusi. Akifunga mlango, anaujaribu. Akishuka ngazi, anashika ukuta. Akiulizwa swali, ananyamaza kwanza, na mtu asiyemjua hudhani hakusikia. Mama Gundi, ambaye miguu yake haikutulia, alipata shida naye mwanzoni, kisha akamzoea, kisha akawa hawezi kufanya kazi bila yeye.

Wiki chache kabla ya mkutano, Taratibu aligonga mlango uliokuwa wazi.

"Mwalimu, una nafasi?"

"Kama ni la dakika moja."

"Si la dakika moja."

Mama Gundi akavua miwani. Taratibu akaweka kompyuta yake mezani, ikiwa na grafu mbili ubavu kwa ubavu.

"Nimegawa data," alisema. "Huku ni miezi ile ambayo kigunduzi cha mbali kilikuwa kizima chote. Huku ni miezi ambayo kipande chake kilikuwa kimezimika."

Kigunduzi cha mbali kilikuwa mwisho kabisa wa bomba la mashine, mahali mabaki ya kiini yanapopita. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele kiini kikipasuka: kikiona nyutroni au ule mwanga hafifu, mgongano huo unatupwa. Kwamba kipande kimoja kilizimika kwa miezi kadhaa, kila mtu alijua. Mama Gundi alikuwa ameweka marekebisho yake, kwa makadirio ya kompyuta, kuhusu viini vingapi vilivyopasuka vingepita bila kuonekana.

Grafu ya miezi mizuri ilikuwa inashuka kama nadharia zilivyosema. Ile ya miezi mibaya ndiyo iliyokataa kushuka.

Mama Gundi akavaa tena miwani, akazisogelea grafu. Nje, maji yalisikika yakijaza tangi.

"Rudia," alisema hatimaye.

"Nimerudia, Mwalimu."

"Rudia tena. Tumia kipimo kingine."

"Nimetumia vitatu."

"Basi niachie hapo. Nenda kale."

Taratibu akatoka, akaujaribu mlango, akaenda.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Mama Gundi alifunga mlango ambao haukuwahi kufungwa. Alijaribu kila njia ya kuiokoa grafu yake: akabana hapa, akalegeza pale, akatafuta kosa kwenye ile miezi mizuri. Alitaka sana liwepo. Taratibu alipomsalimia, alimjibu kwa maneno ya kuhesabika. Nyumbani, mumewe aliona sahani zinarudi jikoni na chakula; hakuuliza, ila alifua nguo zote na kumpeleka binti yao shule bila kusubiri zamu yake ifike, na Mama Gundi aliliona hilo hata kama hakuwa na nguvu ya kushukuru.

Kila njia aliyoijaribu ilimrudisha palepale. Viini alivyovihesabu kuwa vizima havikuwa vizima. Makadirio ya kompyuta yalikuwa yamepunja ule mwanga hafifu, na yeye, kwa kuona kile alichokitamani kwa miaka, hakuwaza kugawa data miezi kwa miezi. Lilikuwa jambo la asubuhi moja. Hakulifanya.

Asubuhi alipolikubali hilo, alikwenda kumtafuta Taratibu. Alimkuta anapanga vitabu vyake kwenye boksi la karatasi, kimojakimoja, migongo imeelekea upande mmoja.

"Unahama?"

Taratibu akalaza kitabu kimoja zaidi kwanza. "Nimezungumza na mwalimu mkuu wa shule ile niliyokuwa nafundisha. Wana nafasi."

"Kwa nini?"

"Mwalimu, bango liko langoni. Bibi amekuja kuliona. Nimekuharibia."

Mama Gundi akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo lenyewe lilimshangaza Taratibu.

"Keti na wewe." Akangoja mwenzake aketi. "Gluoni zile haziwezi kusongamana pale eti kwa sababu mimi nilitaka. Hukuharibu kitu. Huwezi kuharibu kitu ambacho hakikuwepo. Mimi ndiye niliyekosa adabu wiki hii, si wewe, na kwa hilo naomba radhi." Kisha akaongeza, "Hivi unajua ungenyamaza, ingekuwaje? Ningesimama mbele ya watu wa dunia nzima na kuwaambia uongo nikiwa na uso mkunjufu. Halafu mwaka ujao mtu mwingine angeliona kosa. Sasa rudisha vitabu. Tuna kikao."

"Kikao gani?"

"Cha kuwaambia. Na wewe ndiye utakayeeleza."

"Mimi siwezi kuzungumza mbele ya watu wale."

"Umezungumza mbele ya watoto wa kidato cha pili mchana wa Ijumaa. Hawa ni wapole zaidi."

Kikao kilikuwa cha skrini. Nyuso zilijaa kioo, kila moja kwenye kidirisha chake. Taratibu alieleza kwa sauti ndogo, bila kuruka hatua hata moja, na mara mbili mtu fulani alijaribu kumharakisha, akashindwa. Alipomaliza, mratibu mwenye ndevu nyeupe akajisogeza karibu na kamera yake.

"Nani alikagua kazi hii?" akauliza. "Nauliza kwa sababu ya ukubwa wa jambo."

"Yeye ndiye aliyekagua," Mama Gundi akasema. "Mimi ndiye niliyekaguliwa."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akasema ni jambo la kusikitisha, kisha akasema ni afadhali sasa kuliko baadaye, na nafasi ya kwenye mkutano mkuu ikafutwa. Waliobaki waliaga kwa heshima ya watu wanaotoka msibani.

Lililobaki lilikuwa kumwambia mama. Mama Gundi alimkuta kwenye cherehani, anashona sare ya shule, mgongo umenyooka kwa ukaidi.

"Mama, lile bango si kweli."

"Picha si yako?"

"Picha ni yangu. Maneno si kweli. Nilikosea hesabu."

Bibi akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Umekosea, au umekosewa?"

"Nimekosea mimi."

"Na mimi nimeshawaambia watu. Mtaa wote. Mpaka mwenye duka la vifungo."

"Waambie nilikosea."

"Hilo nalo nilitangaze kwa sauti ileile?"

Wakatazamana, na mama ndiye aliyeanza kucheka. Halafu akamvuta mwanawe akamkalisha kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono. "Kosa moja haliachi mke," alisema. "Kesho utakwenda kazini?"

"Nitakwenda."

"Basi nipishe, mtoto wa watu anataka sare yake."

Bango liliendelea kuning'inia. Mkuu wa kitivo alitaka litolewe siku ileile, lakini ngazi ndefu ya chuo ilikuwa imeazimwa na idara ya majengo na haikurudi. Kwa hiyo Mama Gundi akawa anaingia kazini kila asubuhi kwa kupita chini ya uso wake mwenyewe ukitangaza jambo ambalo halikuwa kweli. Mwanzoni alitazama chini. Baadaye akaanza kulisalimia. Mlinzi alimsikia akisema, "Umeamkaje, mwongo mkubwa," akageuka upande mwingine ili acheke.

Mambo mengine hayakuchekesha. Wanafunzi wawili waliokuwa waanze naye shahada waliomba kuhamia kwa mwalimu mwingine. Mkuu wa kitivo aligundua ghafla kwamba chumba cha ghorofa ya juu kinahitajika, na Mama Gundi na Taratibu wakashushwa chini, chumba kilichopakana na jenereta, ambamo mtu akitaka kusikika ilibidi angoje umeme urudi. Wapo waliomwambia apumzike, umri nao unakwenda. Aliendelea kufundisha mwaka wa kwanza, na aliwaeleza kosa lake ubaoni, kwa grafu zote mbili. Baada ya kipindi kijana mmoja alibaki nyuma kumwuliza kama kweli mtu anaweza kukosea hivyo na bado asifukuzwe. "Ndiyo kwanza naanza kujua," alimjibu.

Wazo lilikuja mchana mmoja umeme ulipokatika na jenereta likakataa kuwaka. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nje, wanakula, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza.

"Viini vile vilivyopasuka," Mama Gundi akauliza, "vile ulivyovitambua kwenye miezi mizuri. Umeviweka wapi?"

"Kwenye faili lake. Sipendi kutupa kitu."

"Wote tunavitupa. Kila mtu kwenye jumuiya anavitupa, anataka vizima tu." Akaacha kutafuna. "Lakini kiini kilichopasuka kilipasuka kwa nini? Elektroni ilikuta gluoni zimejikusanya upande mmoja kwa wakati ule. Vizima vinatupa picha ya wastani, kama picha ya mtaa iliyopigwa polepole, watu wote wamefifia. Vilivyopasuka vinatuambia watu wanavyotembea."

Taratibu alinyamaza. Mama Gundi, aliyekwisha kumzoea, akangoja.

"Tukivijua vilivyopasuka vyote," Taratibu akasema, "tutajua vinafananaje hata pale ambapo kigunduzi hakikuona. Na miezi ile mibaya itaokoka."

"Kula haraka," Mama Gundi akasema.

"Sili haraka."

"Basi kula."

Kazi ile iliwachukua sehemu kubwa ya miaka miwili. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ya kuokota kile ambacho wengine wamefagia. Walijifunza vilivyopasuka kwa makundi: vilivyodondosha nyutroni, vilivyodondosha protoni, na vile vya hila zaidi vilivyotoa ule mwanga hafifu tu na kujifanya vizima. Taratibu aliandika programu ya kuvitambua na kuijaribu kwa data ambazo jibu lake lilijulikana, ikafeli. Akairekebisha, ikafeli kidogo. Mama Gundi alijifunza kukaa. Katikati ya kipindi hicho Taratibu alijifungua, na kwa miezi kadhaa mtoto alilala kwenye kikapu kati ya meza mbili, jenereta likimbembeleza kuliko wimbo wowote. Siku liliponyamaza ndipo alipolia.

Safari hii hawakumwambia mtu mapema. Walipata matokeo, wakayagawa miezi kwa miezi, wakayagawa kwa saa za mchana na usiku, wakayagawa kwa kila namna waliyoweza kufikiria. Wakawapa watu wa kundi jingine, nchi nyingine, data zilezile na kuwaomba wafanye hesabu yao wenyewe bila kuambiwa jibu. Jibu lao liliporudi, Taratibu alilifungua, akalisoma hadi mwisho, akalisoma tena, kisha akamgeuzia Mama Gundi skrini. Mistari miwili ilipita mmoja juu ya mwingine.

Hayakuwa matokeo ya bango. Gluoni hazikusongamana katikati ya kiini. Zilienea hadi karibu na ukingo, kwa upana wenye kiasi. Lakini lile faili la vilivyopasuka lilikuwa na zaidi: lilionyesha kwamba gluoni hazitulii, zinakusanyika huku zikitawanyika kule, mafungumafungu, kila mgongano ukizikuta kwa mpango mwingine, na sasa palikuwa na kipimo cha kusema zinahamahama kwa kiasi gani. Mzee mwenye ndevu nyeupe aliomba waeleze mara mbili. Mara ya pili alikuwa anaandika.

"Hivi tulikuwa tunavitupa kwa nini?" aliuliza.

Jumuiya iliwaomba wawili wale wasimamie data zote za kigunduzi cha mbali kuanzia msimu uliofuata. Taratibu akapewa shahada yake na kuajiriwa chuoni. Mkuu wa kitivo alikuja chumba cha jenereta mwenyewe, akapiga kelele ili asikike, akauliza kama watapenda bango. Mama Gundi akamwomba feni.

Mwaka huo pia ndio alioiona mashine. Kwa muda wote ule hakuwahi kufika. Kulikuwa na mama, mtoto, darasa, kila safari ikaahirishwa. Safari hii mama yake alimfukuza. "Nenda kabla hawajaifunga," alisema, kana kwamba ni duka, na akamshonea koti la baridi lenye mifuko mikubwa kupita kiasi, kwa imani kwamba mtu wa safari hubeba vitu. Kaka mtu akaja hadi kituoni kumsindikiza, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, akataka ahadi moja tu, kwamba atapiga picha ya meza wanazotumia kule, aone zimeungwaje.

Chumba cha kuongozea kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiri, na joto lake lilimfanya avue koti. Nje kulikuwa na jua la saa nne na nyasi zilizokatwa. Mashine yenyewe ilikuwa chini ya nyasi hizo, na hakuna kilichoonyesha ipo ila mngurumo mdogo wa kupoza mitambo. Dada mmoja wa zamu akamvutia kiti. Walikuwa wanabadilisha viini siku hiyo, wanatoa dhahabu, wanaingiza vingine vyepesi zaidi ambavyo havikuwahi kupimwa kwa namna hii.

"Vimeingia," dada wa zamu akasema. "Elektroni zinafuata."

Mgongano wa kwanza ulichorwa kwenye skrini kwa mistari ya rangi, ukafutika, ukaja mwingine. Mama Gundi akatafuta miwani, akaikuta kifuani. Kwenye pembe ya chini ya skrini kulikuwa na kidirisha cha kigunduzi cha mbali, vipande vyote vinawaka. Simu yake ikalia. Alikuwa Taratibu, mbele ya skrini yenye picha ileile huko nyumbani, mtoto akisikika nyuma yake akidai kitu.

"Mwalimu, unaona vilivyopasuka?"

"Naona."

"Ni vingi kuliko tulivyokadiria. Au macho yangu?"

Mama Gundi aliendelea kutazama. Vilikuwa vingi kweli. Vilikuja kwa mafungu, na havikufanana na vile vya dhahabu hata kidogo.

"Si macho yako," alisema. Akasogeza kiti karibu na skrini, akakaa vizuri. "Hebu tuviache vije kwanza."